Kuisindikiza Faksi

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha mawasiliano, Jasinta, anayekalia kiti changu sasa, hakuniuliza lolote kuhusu mafao. Aliniuliza nywila ya akaunti ya faksi. Nikamwandikia kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi hupotea, naye akacheka.

"Ma Zuhura, nikinawa je?"

Nikamwambia asinawe mpaka aikariri. Baadaye akaniomba nimwandikie na mengine, yale yasiyoenea kiganjani. Nayaandika kwa ajili yake na kwa wenzake watakaomfuata. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na sikumbuki kimoja kilichonifundisha kitu.

Nilizaliwa Bilele, hapa Bukoba mjini, na ofisi ya chama chetu cha ushirika wa kahawa ilikuwa umbali wa kula ndizi gonja moja ya kuchoma. Nilifika siku ya kwanza nikiwa bado nalamba vidole. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, najua kupiga chapa bila kutazama mashine, na nilikuwa na hamu kubwa mtu aone. Walinipeleka kwa Ta Laurenti, Mzee Laurenti kama wangemwita kwingine, mtu wa Kemondo, mpole, aliyevaa sweta la kijivu hata jua likiwaka. Mezani kwake palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wanavyofunika redio nyumbani. Ilikuwa mashine ya faksi. Juu ya barua zetu ilichapwa "nukushi", lakini sijapata kumsikia mtu mwenye haraka akisema nukushi.

Ta Laurenti hakunipa cha kupiga chapa. Alinisimamisha dirishani.

"Unaona nini?"

"Ziwa, waitu," nikajibu, kwa neno letu la heshima.

"Na nini tena?"

"Kisiwa. Musira."

"Basi kazi yako ya kwanza ndiyo hiyo. Musira ikipotea kwenye mvua, unachomoa waya mbili, wa umeme na wa simu. Usingoje kuambiwa. Hata kama meneja yuko katikati ya faksi yake."

"Na akinigombeza?"

"Atakugombeza mashine ikiwa nzima. Radi ikishapita, mtagombana na mashine hamna."

Aliyekulia Bukoba hahitaji kuelezwa habari za radi. Lakini nilikuwa sijawahi kuona mtu akifanya kisiwa kizima kuwa kifaa cha ofisi. Tangu siku ile sijaweza kulitazama ziwa kama watu wengine. Wao huona maji na machweo; mimi huangalia kwanza kama Musira ipo.

Somo la pili lilikuja juma lilelile. Tulikuwa tunatuma hati za kahawa kwa wanunuzi wetu Japani. Ile mashine ililia kilio chake, kile cha paka aliyebanwa mlangoni, ikavuta karatasi, ikatoa kipande kilichosema zimekwenda salama. Nikainuka kwenda kuweka hati kwenye jalada.

"Unakwenda wapi?" Ta Laurenti akauliza. "Mgeni bado yuko mlangoni."

Nikatazama mlango. Hapakuwa na mtu.

"Kwenu Bilele mgeni akiaga mnamfanyaje?"

"Tunamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwenyewe aseme, rudi sasa, umenifikisha mbali."

"Basi. Mashine imemfungulia mlango tu. Msindikize."

Akanyanyua simu, akapiga Japani. Kwa Kiingereza cha taratibu aliamkia, akauliza afya ya anayemsikiliza, kisha akauliza maswali yake, ambayo niliyauliza mimi miaka yote iliyofuata: zimetoka kurasa ngapi, wa mwisho unasomeka mpaka chini, na ziko mkononi mwa nani. Hilo la mwisho lilikuwa lake hasa. Hakukubali jibu la "ziko ofisini". Alitaka jina. Wapo waliosema anakula fedha za simu kwa salamu. Lakini sikumbuki hati yetu iliyopotea wakati wake, na nimekumbuka kwa bidii.

Alinifundisha pia kutoa nakala ya kila faksi iliyoingia kabla haijapoa, maana karatasi zile laini zilikuwa zinafifia. Ukiiacha juani dirishani, jioni unakuta karatasi nyeupe na aibu yako.

Ta Laurenti alistaafu, akarudi Kemondo. Mimi niliendelea na mashine, na Musira, na kitambaa cha kufuma, nikiamini nimeweza. Kisha siku moja radi ikaja kwa nyuma, kutoka upande wa mlimani, Musira ikionekana vizuri kabisa, imekaa majini kama mkate. Mlio mmoja, harufu ya plastiki, basi. Mashine ilikuwa imekufa, na laini ya simu ya mezani pamoja nayo. Laini haikurudi tena. Kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni, nani angehangaika na nguzo.

Meneja akasema ni vyema, faksi ni mambo ya kale, tutumie barua pepe. Tukawaandikia wanunuzi barua pepe nzuri yenye viambatisho. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba wameipata, wanashukuru, na wanaisubiri faksi.

Hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho mpaka leo nakistaajabia. Ipo huduma ambayo unalipia kidogo, kisha unatuma faksi kutoka kwenye akaunti yako ya barua pepe. Pale pa kuandika anwani ya mtu unaandika namba yake ya faksi, ukianza na namba ya nchi, unamalizia na jina la huduma. Unaambatisha hati yako. Unabonyeza. Barua inaondoka kwako ikiwa barua pepe, na mahali fulani njiani, sijui wapi, inavua nguo hizo na kuvaa nyingine, na kule mwisho mashine ya mtu inalia na kutoa karatasi yenye joto. Na wao wakikujibu kwa faksi, inakufikia kama barua pepe. Nimeeleza jambo hili mara nyingi kwa watu wengi na kila mara nilijisikia kama ninayesimulia ndoto, ila hii ilikuwa na risiti.

Nilimwita Ta Laurenti aje aone. Alikuja na sweta lake.

"Inalia wapi?"

"Hailii, Ta."

"Mashine iko wapi?"

"Hakuna. Mashine iko kwao tu."

Akainama, akachungulia chini ya meza, asije akawa anataniwa. Nikabonyeza. Yeye akasogeza sikio karibu na kompyuta.

"Mawe!" akasema, mshangao wetu wa Kihaya. "Mgeni ameondoka na mlango haujafunguliwa." Kisha akanyoosha kidole kwenye simu yangu ya mkononi. "Umekaa tu? Msindikize."

Nikapiga. Kurasa zilikuwa zimetoka, zinasomeka mpaka chini, ziko mkononi mwa mtu mwenye jina. Ta Laurenti aliposikia, alikwenda kwenye ile mashine iliyokufa, akakitoa kitambaa cha kufuma, akakikung'uta vumbi, akaja kuifunika kompyuta. Kipo hapo hadi leo. Jasinta, usikiondoe.

Haya ni yako ya kujua. Skani kwa nyeusi na nyeupe, si kwa rangi. Andikia kalamu nyeusi. Ya bluu hufifia njiani. Futa nembo ya rangi inayokaa chini ya barua pepe zetu, kwa sababu faksi haijui kijani, inaigeuza doa jeusi kama sufuria iliyoungua. Na kumbuka kwamba maneno unayoyaandika ndani ya barua pepe yenyewe hayapotei: yanakuwa ukurasa wa mbele, nao ndio unaotoka kwanza kwenye mashine yao. Wengi huuacha mtupu. Mimi nilijifunza thamani yake asubuhi moja ya Alhamisi, na hiyo ndiyo asubuhi ninayotaka mwijue.

Walikuja wawili kutoka Ijumbi. Mmoja alikuwa Ma Paskazia, mjane, kanga mbili na miguu yenye tope la njiani. Mwingine alikuwa Ta Kamugisha, kaka mkubwa wa marehemu mume wake na mkuu wa ukoo, amevaa koti na kofia. Kule Ijumbi walikuwa wameambiwa waende mjini kwa Mama Faksi. Jina hilo sikujipa mwenyewe.

"Ma Zuhura," Ma Paskazia akasema kabla hajakaa, "wanataka kumchoma mwanangu. Kama nyasi za shambani."

Mwanawe Deogratias alikwenda Japani kusoma ufundi wa mitambo, akabaki kufanya kazi. Moyo wake ulisimama ghafla, usingizini. Watanzania wenzake wa huko walikwisha kuchanga nauli ya jeneza. Lakini ofisi ya mji ule haiwezi kuutoa mwili kwa marafiki. Inataka neno la familia, lenye sahihi, kwa faksi. Lisipofika, marehemu anachomwa kama wanavyochomwa marehemu wao wote, kwa heshima na kwa utaratibu. Siku ilikuwa imepangwa: kesho yake asubuhi.

Kwa ninyi mliotoka mikoa mingine: sisi hatuna makaburi ya mbali. Mtu analala ndani ya kibanja, katikati ya migomba iliyomlisha, na wajukuu wanapita pembeni yake wakienda kukata ndizi. Majivu hatuna pa kuyaweka. Mimi ni Mwislamu, wao Wakatoliki, lakini katika hilo sikuhitaji kufafanuliwa.

Ta Kamugisha akatoa barua kwenye koti, na kikaratasi chenye namba za ofisi ile. Ukoo ulikuwa umekaa usiku kucha, na wanaume wote walikuwa wameweka dole gumba. Waliojua kuandika nao walichovya dole, isije ikaonekana kuna anayejitenga. Karatasi ilikuwa imejaa madole juu, chini na pembeni, na mengine yamekaa juu ya maneno.

"Ta, madole yamefunika maandishi," nikasema.

"Binti, madole ndiyo barua. Maneno ni nyongeza. Tuma."

Nikatuma. Kisha nikapiga simu kuisindikiza. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya chini, akajitambulisha: Bi Hayashi. Tukaongea Kiingereza, wote wawili polepole, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

"Nimepata ukurasa mmoja," akasema. "Una duara nyingi nyeusi. Ni picha?"

"Ni ukoo," nikamwambia.

Nikasikia akipekua karatasi. Kisha akaeleza, bila kunibeza, kwamba kwenye karatasi za Deogratias ndugu aliyeandikwa ni mmoja tu, mama yake. Anachohitaji ni neno la mama na sahihi ya mama. Ofisi yao ingefungwa saa tano yetu ya asubuhi. Angesubiri karibu na mashine.

Nikawatafsiria. Ta Kamugisha akavua kofia, akaivaa tena.

"Haiwezekani. Mambo ya kaburi ni ya ukoo. Tangu lini mwanamke akatangulia mbele ya wanaume kudai maiti?"

"Waitu shemeji," Ma Paskazia akasema, "akija majivu, ukoo utazika nini?"

"Sijasema asirudi! Nimesema jambo likianza vibaya linaishia vibaya. Nitawaambia nini wazee? Kwamba nilikaa kwenye kiti, ukaongea wewe?"

"Waambie nilizaa mimi, nikaongea mimi."

"Paskazia!"

"Wewe ulimpakia kwenye baiskeli yako kwenda shule, akiwa na homa. Ulimfunga kwa kitenge changu. Sijasahau. Leo unamwacha njiani?"

Mzee akageukia ukuta. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Alikuwa anaogopa kumkosea yuleyule aliyekuwa anamlilia. Mimi nilitazama dirishani, ili nisiwatazame wao, na nikaona Musira imeanza kufifia.

Ndipo nikakumbuka ule ukurasa wa mbele.

"Ta," nikasema, "mkienda kuposa, nani anafungua mdomo kwanza? Bwana harusi?"

"Hata! Bwana harusi anakaa nyuma. Msemaji ndiye anayebisha hodi."

"Na anayeoa ni msemaji?"

Akageuka. "Unanipeleka wapi, binti?"

"Faksi ina ukurasa wa mbele. Unatoka kwanza kwenye mashine yao, unakaa juu. Huo ni wa kubisha hodi. Tuandike huko jina lako na majina ya ndugu zako. Ma Paskazia anakuja nyuma yenu, na neno lake."

"Wakiichukua, wanaanza kuniona mimi?"

"Wewe, waitu. Kabla ya mtu yeyote."

Akafikiri kwa muda niliouona mrefu kuliko uchumba wowote. Kisha akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. "Andika kwamba mimi ni mkuu wa ukoo. Na uandike tumekuja kwa amani."

Nikampa Ma Paskazia kalamu nyeusi. Aliandika mwenyewe, mwandiko wa shule ya msingi, mnyoofu: kwamba yeye ni mama yake Deogratias, kwamba anamtaka kama alivyo, na kwamba mahali pake pameandaliwa nyumbani. Chini nikapiga chapa tafsiri ya Kiingereza. Akatia sahihi taratibu, ulimi umegusa mdomo. Nikaskani. Nilipoinua kichwa, Musira haikuwepo.

Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya paa. Nikainuka, nikachomoa waya zote ukutani.

"Unazima!" Ta Kamugisha akapiga kelele. "Mwanamke huyu anazima!"

"Nazima waya, waitu. Faksi sijaizima."

Na hii ndiyo sababu ninaiheshimu akaunti ile mpaka leo. Kompyuta ya kupakata ilikuwa na chaji yake. Nikawasha intaneti ya simu yangu, nikaiunganisha. Nikaandika namba, nikabisha hodi kwa jina la Kamugisha na ndugu zake, nikafuta nembo, nikaambatisha neno la mama. Radi ikapiga mahali karibu, vioo vikatetemeka, na katika chumba kisicho na waya hata mmoja ukutani nikabonyeza. Nilimtii Ta Laurenti, na faksi ikaenda vilevile. Enzi zake ilikuwa lazima uchague.

Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikiani. Ujumbe ukaingia: imepokelewa. Ma Paskazia akaniona nasoma, akashika mkono wangu.

"Imefika?"

"Imefunguliwa mlango tu, Ma. Ngoja niisindikize."

Nikapiga, kidole kwenye sikio moja.

"Nimepata ukurasa mmoja," Bi Hayashi akasema. "Ni ukoo tena. Safari hii kwa herufi. Nashukuru kwa amani yao."

"Upo wa pili! Nyuma yake!"

"Hakuna wa pili."

Kwenye kioo changu ilisema zote zimepokelewa. Na kweli zilipokelewa. Mashine huweza kuushika ukurasa tumboni ikakosa cha kuutolea. "Bi Hayashi, tafadhali, tazama kama ina karatasi."

Nikasikia droo ikivutwa. Nikasikia karatasi zikigongwa mezani kulinganishwa. Kisha, kwa mbali, kupitia mvua ya Bukoba, nikasikia mashine yao ikiguna.

"Umetoka," akasema. "Ni mwandiko wa mama?"

"Wake mwenyewe. Unasomeka mpaka chini?"

"Mpaka chini. Mpaka sahihi."

"Na uko mkononi mwa nani?"

"Mwangu. Naupeleka ghorofani mwenyewe. Usikate."

Sikukata. Nilisikiliza viatu vyake vikipanda ngazi ya jengo ambalo sitaliona. Mlango. Sauti ya mwanaume. Karatasi ikigeuzwa. Kisha muhuri ukigonga, sauti ambayo mtu wa ofisi anaijua popote duniani. Bi Hayashi akarudi kwenye simu, amepungukiwa pumzi.

"Hawatamchoma," akasema.

Nilipowatafsiria, Ma Paskazia hakulia. Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu yake yenye tope, kama mtu aliyefika. Aliyelia ni Ta Kamugisha, kofia usoni.

Deogratias alizikwa Ijumbi. Nilikwenda. Tulifika jua likiwa limetoka, na nyasi mbichi zimetandazwa nyumba nzima, na mkuu wa ukoo alisimama mbele ya watu akaeleza namna alivyobisha hodi Japani. Hakuna aliyemkatiza, hata Ma Paskazia. Alikuwa na haki yake.

Sasa nimalizie na faksi yangu ya mwisho, maana juma la kustaafu kwangu Ma Paskazia alikuja tena ofisini. Aliniletea kahawa za kutafuna alizozichemsha mwenyewe, zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Akakaa kwenye kiti kilekile.

"Nataka kumwandikia yule mama wa huko."

"Kumwomba nini?"

"Simwombi kitu."

Nikanyoosha mkono kutafuta kalamu nyeusi, akanizuia.

"Hapana. Niandikie pale mbele. Safari hii ukurasa wa mbele ni wangu."

Akasema, nikapiga chapa, bila kiambatisho chochote: kwamba yeye ni Paskazia, mama yake Deogratias, kwamba mwanawe amefika, analala kibanjani karibu na baba yake, kwamba migomba ya pale imezaa, kwamba Bi Hayashi akipita Ijumbi asipite bila kula. Nikabonyeza. Nikamwita Jasinta aje aone nitakavyoisindikiza, ajifunze, kisha nikachukua simu.

Kabla sijaanza kupiga, ikalia. Namba ndefu ya nje.

"Ma Zuhura," sauti ya chini ikasema. "Ukurasa mmoja. Unasomeka mpaka chini. Uko mkononi mwangu."

Ma Paskazia alikuwa ananitazama mdomo. "Anasemaje?"

"Anasema imefika. Amepiga yeye mwenyewe."

Akatafuna kahawa yake polepole, akatabasamu, akaniashiria kwa mkono, ule mkono tunaompungia mtu aliyetusindikiza mpaka njia panda.

"Mwambie arudi sasa," akasema. "Ametufikisha mbali."